Mama Mkwe Haondoki Mpaka Mtoto Achuliwe

Jumatatu, 3 Julai 1995

Mwezi mzima sasa mama mkwe yuko kwangu hapa Somanda, Bariadi. Alikuja kutoka kijijini kwake Zagayu, mtoto wetu Thomasi alipozaliwa. Kwa mila yetu mimi na yeye hatukai chumba kimoja. Hatutazamani. Hatusemezani. Nyumba yangu ina sebule na chumba. Sebule ameichukua yeye, pamoja na kiti changu na redio yangu. Mimi naingia chumbani kwa mlango wa uani, baada ya kukohoa. Nimekohoa mpaka jirani yangu Sylvester kanishauri nikapime kifua.

Leo nimemtuma mke wangu Justina amuulize mama yake, kwa adabu, pamba ya kule nyumbani inavunwa na nani. Jibu limerudi haraka. Haondoki mpaka apatikane mtu wa kumchua mtoto jioni. Bila kuchuliwa Thomasi halali, na Justina akitoka sokoni kwenye mitumba yake mikono imekwishachoka. Anamchua mtoto kama anafua jinzi.

Apatikane mtu? Amepatikana. Tangu wanunuzi binafsi waje, ushirika hauna pamba ya kupima na mimi karani wake sina kazi. Nitachua mimi.

Justina amecheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 4 Julai

Tatizo dogo: siwezi kuingia sebuleni kutazama. Suluhisho: masikio. Jioni nimekaa chumbani, sikio ukutani, pumzi nimebana. Makofi kwanza, pa pa pa. Halafu wimbo wa Kisukuma, taratibu. Halafu kimya. Mtoto amelala.

Kumbe ni hivyo tu! Siri yote iko kwenye makofi. Wanawake wametuficha miaka yote hii.

Jumatano, 5 Julai

Mazoezi nyuma ya nyumba, kwa boga. Nimepata pia mafuta ya chupa kutoka ng'ambo, yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Siku hizi maduka ya Bariadi yana kila kitu. Samli anayochulia mama mkwe ni mambo ya zamani.

Nilikuwa nalipigia boga makofi na kuliimbia, Sylvester akachungulia juu ya uzio. Akanisalimu mwangaluka. Halafu akauliza ushirika umenifanya nini. Nikamwambia niko mafunzoni. Akasema boga linaonekana limetulia.

Wivu. Mama mkwe wake yeye yuko pale tangu mwaka juzi.

Alhamisi, 6 Julai

Ushindi! Naandika yote kama yalivyotokea.

Justina yuko sokoni. Mama mkwe kaenda kisimani, kamwacha Thomasi amelala. Nikaingia sebuleni, nikatandika mkeka, nikamvua nguo, nikampaka mafuta ya ng'ambo yakiwa baridi vilevile. Akaamka na chafya. Nikampigia makofi karibu na sikio. Akalia. Nikaongeza makofi. Akalia mpaka kuku wakahama uani.

Nje ndoo ikaanguka. Mama mkwe karudi. Niko ndani, kwa hiyo hawezi kuingia. Yuko mlangoni, na sebule haina mlango mwingine, kwa hiyo siwezi kutoka. Mtoto analia katikati. Sylvester keshafika kwenye uzio.

Mama mkwe akageukia mbuzi aliyefungwa kando ya mlango.

"Wewe mbuzi," akasema, "makofi ni ya kupasha mikono moto. Siyo ya kumshangilia mtoto."

Nikapasha mikono.

"Mbuzi, hayo manukato yafute. Samli iko kwenye kibuyu, nyuma ya redio."

Ilikuwapo. Nyuma ya redio yangu!

Mbuzi akaambiwa aanze miguuni, kutoka pajani kwenda kisiginoni, kwa kiganja chote, siyo kwa ncha za vidole. Akaambiwa tumbo ni la kuzungushia mkono polepole bila kukandamiza, na mtoto akikunja uso aache, amsubiri. Akaambiwa aimbe. Akaambiwa asiimbe kwa sauti ile anayokoholea.

Thomasi akanyoosha miguu. Akafumbua ngumi. Akalala kifuani kwangu, mdomo wazi.

Nje ndoo ikaokotwa. Halafu sauti ya chini: "Mbuzi huyu ana mikono."

Iandikwe hapa kwamba sikufundishwa na mtu. Mama mkwe alikuwa akizungumza na mbuzi wake.

Jumamosi, 8 Julai

Ameondoka! Kapanda lori la pamba lililokuwa linarudi Zagayu tupu. Nimeingia kwa mlango wa mbele bila kukohoa. Nimetoka, nimeingia tena. Nimekaa kwenye kiti, nimefungua redio.

Jioni Thomasi amelala hata sijafika tumboni. Justina amenitazama, akasema, "Baba Thomasi, hata baba yangu mzazi hajawahi kufanya hivi."

Nimemwomba arudie.

Jumanne, 11 Julai

Lori limesimama mbele ya nyumba. Ameshuka Milembe, dada wa Justina, aliyejifungua mapacha juzijuzi. Kulwa kifuani, Doto mgongoni. Nyuma yao, mama mkwe na mkeka wake.

Zagayu nzima imesikia kwamba Bariadi kuna mikono. Kulwa halali, Doto halali, Milembe hajiwezi. Sylvester ameuliza kama nafungua zahanati. Nimemjibu kwamba mtu akijulikana hufuatwa. Hakuna aliyewahi kumfuata yeye.

Jioni mama mkwe amekwenda kukaa kwa Sylvester ili nipate nafasi. Watoto watatu kwenye mkeka. Nimepasha mikono. Kalala Thomasi, kalala Doto, na Kulwa mwenyewe, baada ya ubishi, kalala. Watatu! Niambieni mwanamume gani Bariadi hii amewahi kufanya hivi.

Mama mkwe amesema, kupitia Justina, kwamba wataondoka Milembe akipata nguvu. Nguvu za mzazi zinatoka kwenye uji, na uji huo hawezi kumwachia mtu mwingine kupika.

Uji? Uji ni maji na unga. Nimemwambia Justina kabla ya Jumapili nyumba itakuwa yetu. Kesho alfajiri nawasha moto.