Kisanduku cha Kweli

Injinia hakusomea uinjinia hata siku moja, lakini alikuwa na tai, begi la ngozi na mdomo unaoteleza, na mjini vitu hivyo vitatu vimefikisha watu wengi mbali. Asubuhi hiyo alikuwa akipita mtaani, macho madirishani, alipoona kitu kilichomfanya ainame na kujifanya anafunga kamba za kiatu. Nyuma ya kioo, ruta ya intaneti ilikuwa imetundikwa kwenye msumari, mgongo umeelekea barabarani, na mgongoni kile kikaratasi cha kiwandani chenye jina la mtandao na maneno ya siri yote.

"Huyu hata sijui nimwibie au nimshauri kwanza," alijisemea.

Alikivuta kikaratasi kwa kamera ya simu, akakisoma, akaingia kwenye mtandao wa watu palepale aliposimama, akaukata. Kisha akakaa robo saa kwenye kibaraza cha duka, maana fundi anayewahi mno hutiliwa shaka.

Mlango ulifunguliwa na mama mtu mzima, miwani yake imefungwa uzi. Alikuwa mstaafu wa shirika la simu.

"Shikamoo mama. Tunakagua mitandao ya majumbani. Wako haukusumbui?"

"Marahaba mwanangu. Umejuaje? Tamthilia yangu imekwama, mkono uko hewani na kofi halijatua."

"Hao ni wezi wa mtandaoni. Intaneti yako inawaka usiku na mchana, na wao wanashinda mlangoni usiku na mchana. Unahitaji ukuta wa kinga."

Begini mwake mlikuwa na visanduku viwili vilivyofanana kama mapacha. Kimoja kilikuwa ukuta wa kinga wa kweli, na ndicho pekee alichokuwa nacho duniani. Cha pili kilikuwa na betri, taa mbili za kumwekamweka na mchanga wa kuongeza uzito. Cha kweli kilikuwa cha kuonyeshwa, cha mchanga cha kununuliwa. Mwenye nyumba akienda chumbani kuleta pesa, mikono ya Injinia ilimaliza kazi kabla hajarudi. Kisanduku kile cha kweli kilikuwa kimeuzwa mara arobaini, na kila jioni kimerudi nyumbani na mwenyewe. Siku akikipoteza, angebaki na tai tu.

Akakiunganisha, akabonyeza simu yake kwa siri, na kofi likatua.

"Nipe viwili kwa bei ya kimoja," mama alisema. "Na mdogo wangu apate."

Injinia alimpenda papo hapo. Mteja mwenye tamaa, kwa uzoefu wake, hakuwa na muda wa maswali.

"Ila silipii nisichokijua," mama aliendelea, akavuta kiti na daftari. "Nifundishe."

Basi akafundisha, angefanyaje? Neno la siri la kiwandani libadilishwe, liwe refu. Mlango wa kuingilia mipangilio ya ruta ufungwe kwa watu wa nje. Simu ngeni isiingie bila ruhusa. Fundi akishatoka, neno la siri libadilishwe tena, maana naye ni mtu. Maswali ya mama yalikuwa ya maana hata Injinia akalegeza tai, akaanza kuifurahia kazi.

"Na orodha hii iliyotokea kwenye simu yangu?"

"Hiyo inaonyesha kila kilichoingia kwenye ruta yako, na saa kilipoingia." Maneno yalikuwa yameshatoka alipotamani kuyameza.

Kidole cha mama kilishuka taratibu. "Televisheni yangu. Simu yangu. Na huyu 'Injinia Mkuu' aliyeingia saa nne na dakika tano? Wewe umebisha hodi saa nne na ishirini."

"Mama, saa za mitambo hii mara nyingine..."

"Mwanangu, nimeunganisha watu simu miaka thelathini. Kazi yangu ilikuwa kujua nani yuko kwenye laini na ameingia saa ngapi. Ruta ile sikuigeuza mgongo nje kwa sababu ya uzee."

Kutoka chumba cha ndani akaja mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni. Injinia alimtambua: fundi cherehani aliyemuuzia wiki iliyopita, mtaa wa pili. Mkononi alishika sinia, na juu yake palikuwa na kilima cha mchanga, betri na taa mbili zinazomwekamweka.

"Mdogo wangu," mama alimtambulisha.

"Nilipokifungua nikadhani umeniletea udongo wa maua," fundi cherehani alisema.

"Kisanduku kinabaki," mama alisema. "Ndicho alichokilipia. Mchanga wako beba, sinia tuachie."

"Mama, hicho ndicho kinachonilisha." Sauti ilimkatika, na safari hii hakuigiza. Kilimuuma kweli.

"Najua. Ndiyo maana sikuita majirani."

Injinia alitoka. Alipofika kwenye kona akakumbuka jambo: neno jipya la siri alikuwa ameliandika yeye mwenyewe, herufi kwa herufi. Angeuzima ukuta, mama angehangaika, angeitwa, angekirudisha kisanduku begini. Akatoa simu, akaandika. Ikakataa. Akaandika tena polepole. Mara ya tatu simu ikamjibu kwamba kifaa hiki kimezuiwa.

Hata hatua hamsini hakuwa amepiga tangu mlangoni.

Alisimama pale na begi lake la mchanga. Kazi arobaini alizofanya mjini hazikumzuia mwizi hata mmoja. Hii moja ilikuwa imekaza barabara, na mwizi wa kwanza kuzuiwa alikuwa yeye. Hasira zilimpanda, halafu kwa aibu akajikuta anatabasamu: alikuwa amefundisha vizuri.