Mheshimiwa, Mkanda Uliotuambia Tufunge Umekataa Kuingia

Kwako Mheshimiwa Diwani Stanislausi,
Kata yetu, hapa hapa Butiama.

Mheshimiwa,

Kabla sijakusalimia vizuri, naomba univumilie nimtoe kwanza mwanangu kwenye mkanda. Sasa hivi tu, nikiwa natafuta kalamu, Wanzagi amechukua mkanda wa mashine ya baba yake, akauvaa shingoni, akapitisha na mkono mmoja, akaanza kutembea mbele ya bibi yake kama mtu aliyepewa uchifu. Bibi yake akampigia vigelegele, akamwambia, "Huyo, mume wangu!" Mimi sikucheka. Nilipomvua alilia, nami nikakaribia kulia naye, maana mkanda ungekuwa mahali pake saa hizi, mtoto angeupata wapi wa kuvaa?

Sasa shikamoo. Sisi hatujambo, natumaini na nyumbani kwako hamjambo. Shule mimi sikuiendea mbali, kwa hiyo nikikosea cheo chako mahali, usinifunge.

Mheshimiwa, kwenye mkutano wa pale sokoni ulisema hali ni ngumu na kila mwananchi afunge mkanda. Ukaongeza kwamba wewe mwenyewe utakuwa wa kwanza kufunga. Nilipiga makofi mpaka mtoto akaamka mgongoni. Mume wangu, Evance, ana mashine ndogo ya kukereza vyuma. Inazungushwa na mota kwa mkanda wa mpira, na mkanda wake ulikuwa umekwisha, nyuzi zinaning'inia. Nikasema moyoni, kumbe wakubwa wanatuonaga. Tukarudi nyumbani tukatii. Malalamiko yangu ndiyo haya:

1. Hukutaja saizi. Mkanda wa mashine una namba, Mheshimiwa, siyo kama wa suruali kwamba ukikosa tundu unatoboa na msumari. Ule wa zamani niliupima mimi mwenyewe kwa utepe wa kushonea, nikauzungushia kwa nje, Evance akaenda Musoma na namba yangu. Kumbe dukani wao wanahesabu kwa ndani. Ukaja mkanda unapwaya kama suruali ya kuazima. Mota inazunguka, mashine imesimama inaitazama. Na ule mlio wake! Jirani alikuja kuuliza tunachinja nguruwe wa nani. Ungesema tu pale jukwaani, wananchi pimeni kwa ndani, haya yote yasingetokea.

2. Hukusema tukaze kwa kiasi gani. Evance akaenda Bunda, akarudi na mfupi. Huo ulikataa kuingia kwenye puli, yaani lile gurudumu lenye mfereji ambamo mkanda hukaa. Akauvuta kwa bisibisi, ameng'ata ulimi, mpaka ukaingia. Tulifurahi kweli, tukajua tumefunga mkanda kuliko kata nzima. Mashine ikaanza kuguna. Beringi zikapata moto mpaka mama mkwe akasema hapo tungechoma hata mihogo, na kabla hajamaliza, mkanda ukakatika, ukaruka, ukatua kwenye sufuria yangu ya samaki, wale furu. Tulikula hivyo hivyo. Furu ana miiba tumemzoea, lakini uzi wa mkanda ukiupata mdomoni hujui uteme au ushukuru.

3. Hukututahadharisha kuhusu samli. Evance alirudi tena Bunda akaleta mwingine wa namba ile ile. Nao ukagoma. Mama mkwe, ambaye namheshimu, akasema kitu chochote kinachokataa kuingia kinapakwa samli, iwe pete, iwe mlango. Tukapaka. Bisibisi ikateleza, Evance akapiga ngumi ukuta bila kukusudia, na mbwa akaondoka na mkanda. Tulimkimbiza hadi karibu na ofisi za wilaya, watu wakituambia tuache roho mbaya, tumwachie mnyama utumbo wake. Tumeuosha kwa sabuni. Huo ndio mtoto alikuwa ameuvaa.

4. Hili ndilo limenifanya nishike kalamu. Fredy, rafiki yake Evance tangu shuleni, anakwenda machimboni kutafuta dhahabu. Alikuja hapa akasema huko hakuna mambo ya mikanda, ni sururu tu na bahati ya mtu. Evance akaanza kuifuta mashine vumbi kama mtu anayeiaga, na mimi nikimwona hivyo namjuaga. Leo asubuhi amesema mkanda usipoingia, mashine anawauzia watu wa chuma chakavu na jioni anaondoka na Fredy. Nikamuuliza utarudi lini. Akasema wakirudi wenzangu. Mheshimiwa, wapo wenzake waliokwenda hivyo hivyo, na wake zao mpaka leo wanapika ugali wa kuzidi. Wanzagi ndiyo kwanza anajifunza kusema baba, na hilo neno anaiambia mota, kwa sababu hapo ndipo anamwonaga. Mota ikiuzwa na mwenyewe akiondoka, mtoto atamwita nani? Na wakulima wa Suguti na Nyegina wameleta magurudumu ya plau yatengenezewe bushi, vile vyuma vya tundu la katikati, kabla ya mvua. Yamejaa uani, kuku wanatagia humo.

Kwa hiyo ninaomba yafuatayo, kwa unyenyekevu.

Naomba uje. Mtu anayesema atakuwa wa kwanza kufunga mkanda lazima anajua unavyofungwa. Spana tunayo, wewe njoo na mikono tu.

Ukiwa na vikao, basi halmashauri iunde Kamati ya Kufunga Mikanda. Iwe na fundi mmoja, na wengine wa kula posho kama kawaida, hatuna neno.

Na kamati ikichelewa, naomba utuazime mkanda wako. Niliuona vizuri uliposimama jukwaani. Ni ngozi safi, mpana, na kwa safari ndefu unayozunguka kiunoni mwako naamini utatosha mota na mashine, na kipande kitabaki cha kumbebea mtoto. Niliona pia umeufungia tundu la mwisho, upande wa kulegeza, nikaelewa kwamba kufunga bado hujaanza, kwa hiyo hutakuwa na haraka nao. Suruali utaishika kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine bado utaweza kutupungia.

Msalimie mama hapo nyumbani, dereva wako, mtendaji wa kata, na yule kijana aliyekushikia mwavuli. Mama mkwe anakusalimu, anasema alikupigia kura na anakumbuka. Hata mbwa ni mzima, ila siku hizi akiona bisibisi anakimbia.

Ni mimi mwananchi wako ninayetii,
Mama Wanzagi

Nyongeza, kabla sijabandika bahasha:

Usije, Mheshimiwa. Nilipokuwa naandika salamu, Evance alichukua spana akaanza kuing'oa mota akaiuze. Nilimgeuza mtoto asione, na mimi nikageuka. Akalegeza nati zote, na kabla hajazitoa, mota ikateleza yenyewe kuelekea kwenye mashine. Kumbe miguu yake ina matundu marefu, imeumbwa isogee! Evance akaisukuma, ikaenda; akaivuta, ikarudi. Halafu akauchukua mkanda akauvisha kwa vidole tu, bila bisibisi, kama mtu anamvalisha mtoto soksi. Akairudisha mota nyuma kidogo kidogo, akiubonyeza mkanda katikati kwa dole gumba, ukawa unabonyea kiasi, ndipo akakaza nati. Inazunguka. Hailii, haigunii mtu.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la nne. Mkanda haukuwa na kosa, na kuukaza haikuwa dawa. Ilitakiwa kile kikubwa kinachozungusha wengine ndicho kilegezwe, kisogee karibu. Sijui kama na kwenye kata mambo yako hivyo, wewe ndiye unayejua. Mkanda wako baki nao. Kama ulishauvua, vaa, jioni kuna baridi.

Fredy amepita sasa hivi na begi lake. Evance amemwambia atangulie tu, yeye ana bushi za watu. Nami nilitaka nikuombe kwamba kwenye mkutano ujao, ukisimama, badala ya kutuambia tufunge, utuambie, samahani, ananiita. Anasema Hyasinta, njoo usikie inavyozunguka. Hakusema Mama Wanzagi, Mheshimiwa, amesema Hyasinta, na tangu tumzae huyu mtoto hajawahi kuniita hivyo, kwa hiyo naona niishie tu hapa kwenye