Neno Tusiku na Posa ya Bella

Jumatatu, 3 Juni

Siku moja wasomi watatafuta maandishi haya. Naandika kwa mwandiko mzuri, kwa ajili yao.

Leo tulikwenda Runingu kusalimia upande wa Ushindi, kijana anayemposa Bella, binti wa marehemu kaka yangu. Aliongoza Onesphore, binamu yangu, mwalimu mstaafu na msemaji wa ukoo katika kila dot, yaani sherehe ya kutoa mahari. Kila dot! Mimi hubeba viti.

Wengine walizungumzia mvua na muhogo. Mimi nilisikiliza. Mara nyanya yake Ushindi, Koko Émérance, akapaza sauti kutoka jikoni: waongeze tusiku kwenye jiko la mbabula, chai inapoa.

Tusiku! Nikajimwagia chai kwenye suruali.

Uvira nzima makaa ya moto huitwa makala. Ni sisi tu, nyumba moja ya mtaa wa Kilibula, tunaoita makala tusiku. Tumechekwa sokoni tangu utoto. Leo nimelikuta neno letu kwa watu baki. Neno halitembei peke yake. Hubebwa na damu!

Jumanne, 4 Juni

Nimeshinda na kamusi. Haina jalada na inaanzia herufi D, lakini mambo ya maana yote yako baada ya D.

Nilimwarifu jirani yetu Noella, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwamba meza anayouzia ni neno la Wareno. Akajibu basi Mureno aje akae nayo, jua limeshamchosha yeye. Nikamwarifu kwamba shule imetoka kwa Wadachi, yaani Wajerumani. Akauliza kama ndiyo sababu mimi sikuimaliza. Wenye maarifa huteswa hivi.

Jioni mambo yote yakakaa wazi kichwani. Hapo kale paliishi mhunzi mmoja huko juu Rurambo, mchoma makala. Alizaa wana wawili. Mmoja alibaki na ng'ombe, mmoja akashuka tambarare. Kila mmoja aliondoka na neno la baba. Sisi ni wa huyu, wakina Ushindi ni wa yule. Hakuna chuo kilichogundua haya. Nimegundua mimi, juu ya kiti cha plastiki.

Jumatano, 5 Juni

Dot ni Jumamosi. Habari kama hii haiwezi kusemwa na Onesphore, mtu wa methali ileile ya ng'ombe na kamba. Nilimwomba kwa heshima aniachie nafasi. Akasema viti navyo vinahitaji mtu mwenye nguvu.

Nikatabasamu. Nikaenda kwa mwalimu wa kwaya anayoimba Onesphore. Nikamnong'oneza kwamba Kaka Onesphore hulia nyumbani kwa sababu hajawahi kupewa kuimba peke yake. Mwalimu akashika kifua kwa huruma.

Ijumaa, 7 Juni

Onesphore amepewa! Ameimba jana, ameimba leo. Sauti imekwisha kabisa, anatoa upepo kama tairi.

Ukoo ukauliza nani atasema. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, lakini nikiwa tayari nimesimama. Bella akanishika mikono miwili. Akasema: "Baba mudogo, uniombee muzuri. Huyu kijana minye ninamupenda, sina mwingine." Nikamwambia kesho watu watalia. 

Jumamosi, 8 Juni

Walilia.

Nieleze kwa utaratibu. Wageni walifika na mtungi wa kasiksi, pombe ya ndizi iliyonukia hadi barabarani. Nikasimama. Nikawapitisha kwa Wareno, Wadachi na Waarabu. Nikafika kwa mhunzi wa Rurambo. Nikatamka tusiku, upande wao wakashtuka. Nikafungua mikono na kusema: hatupokei wageni leo, tunapokea ndugu! Sisi na ninyi ni damu moja!

Wageni wakatazamana. Nilidhani ni kwa heshima.

Mzee Bienvenu, baba mkubwa wa Ushindi, akainuka polepole. Akauliza kama nina hakika, au nimetia chumvi kama wasemaji wote. Nikaapa. Mbele ya watu wote, nikaapa! Basi akasema wananishukuru kwa kuwaokoa na aibu, maana kumbe Bella ni dada yake Ushindi, na kwetu sisi sote damu moja haioani. Mtungi ukarudi garini bila kufunguliwa. Mama yangu Bernardine alipotoka jikoni na sahani za ndizi, alikuta viti vitupu.

Hata hivyo naandika kwa haki: hakuna aliyepinga ushahidi wangu.

Jumapili, 9 Juni

Bella hajala. Alikuja mlangoni, akaniomba niende Runingu niseme nilikosea. Hivyo tu. Nikamweleza kwamba ukweli hauna mlango wa nyuma. Akasema mahari imerudi, jina lake liko mdomoni mwa kila mtu, na hata nikifa hatanililia.

Nilijisikia vibaya. Nikatafuta njia ya kisayansi: kwamba mhunzi aliishi zamani sana, damu imeshakuwa nyembamba. Nikawapigia simu wazee wa upande wa Ushindi. Wakasema damu si chai, haiongezwi maji.

Mtu mmoja alishauri tumuulize Mama. Nikakataa. Mama ni mzee, asisumbuliwe na sayansi.

Jumanne, 11 Juni

Bella alipanda pikipiki alfajiri bila kuaga. Akarudi na Koko Émérance nyuma yake, kashikilia kitambaa cha kichwa. Mzee Bienvenu akafuata na pikipiki ya pili, uso umekunjwa.

Mama alipomwona mgeni, akapiga kelele: "Weye! Iko weye?" Wakakumbatiana. Kumbe zamani walilima pamba pamoja tambarare, wakiwa maharusi wapya, jembe kwa jembe.

Bella akauliza neno tusiku limetoka wapi. Mimi sikuwa nimeuliza, kwa kuwa nilikuwa najua.

Mama akacheka hadi akashika ukuta. Akasema muke muzuri hatamki jina la baba mkwe wake. Na baba mkwe wake, yaani babu yangu Zakaria, watu wa nyumbani walimwita kwa jina la kile kitu cheusi cha mbabula. Hakulitamka hata leo, alionyesha mbabula kwa kidole. Onesphore, sauti imerudi nusu, akatusemea: Makala. Basi yeye bi harusi angeombaje moto? Akabuni: vitu vidogo vyeusi kama usiku, tusiku. Koko Émérance alilipenda neno, akaenda nalo kwake kama mtu anavyochukua mbegu.

Mzee Bienvenu akakunjua uso. Watu wakapiga makofi. Nikasimama kupinga. Nikasema kumbukumbu za wazee wanawake si ushahidi, na mhunzi bado yuko.

Mama akanitazama. "Nyandwi, kaa chini. Hilo neno nililizaa minye, sawa vile nilikuzaa weye."

Nikakaa.

Jumamosi, 15 Juni

Dot imefanyika. Onesphore kasema, ng'ombe na kamba, kila kitu. Nilibeba viti. Bella alicheza mpaka kiatu kikakatika, na alipopita karibu nami alinipiga bega. Si kwa nguvu sana.

Hakuna aliyenishukuru. Lakini nani aliwakutanisha wale wanawake wawili baada ya miaka yote? Elimu yangu! Historia itasawazisha.

Tena kuna jambo. Mvua ilinyesha kidogo wakati wa kula. Shangazi wa Iradukunda, yule msichana wa mtaa wetu aliyechumbiwa, aliomba mwavuli, akauita kabanda. Kabanda! Na mama wa mchumba wake, mtu wa Rurambo, nilimsikia wiki jana sokoni akisema neno hilohilo. Hakuna mwingine Uvira anayelisema.

Nikauliza kama kina Iradukunda wana msemaji wa dot yao. Hawana! Nimekubali pale pale, kwa unyenyekevu. Hotuba nimeimaliza kabla keki haijakatwa. Inaanza hivi: Ndugu zangu wa damu.