Mtego wa Kumpata Fundi

Jumatatu, 3 Machi

Gari limezimika tena. Mlimani, mbele ya shule, saa ya kutoka wanafunzi. Darasa zima likanisukuma huku likiimba. Aibu! Ukilisubiri robo saa linawaka bila tabu, linakwenda kana kwamba halikufanya kitu, kisha linakohoa, puf. Lina miaka ishirini na saba, lakini huu si uzee. Ni ukaidi.

Na Jumamosi mama mkwe anapokea cheti. Ana miaka sitini na minne, amemaliza darasa la watu wazima, tena wa kwanza katika hesabu! Shemeji, kaka yake mke wangu, alijitolea kumpeleka kwa gari lake jipya linalonukia duka. Mama mkwe akakataa. Akasema atakwenda na mkwewe. Kifua kilinivimba nusura vifungo vikatike. Shemeji akaniuliza, kwa upole wa kinafiki, kama nimeshaandaa watu wa kusukuma.

Nahitaji fundi. Upesi. Tena mwaminifu.

Jumanne, 4 Machi

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu. Nitalegeza waya mmoja wa plagi, makusudi. Fundi mwongo atadai mambo makubwa. Fundi wa kweli atauona waya na kuniambia. Mtego safi!

Mke wangu kasema gari lina ugonjwa tayari, kwa nini naliongezea mwingine. Nikamwambia hii ni sayansi. Akasema haya, akaendelea kukunja nguo. "Haya" yake hiyo naijua. Si ya kukubali.

Jumatano, 5 Machi

Fundi wa kwanza, gereji ya karibu na soko. Ovaroli safi mno, kalamu sikioni. Wanamwita Profesa. Boneti hakuigusa. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke, akatikisa kichwa kama aliyefika msibani. Akasema injini imekwisha, dawa ni kuweka nyingine, na bahati iliyoje, anayo moja nyuma ya gereji, chini ya turubai.

Kanasa! Nikaondoka kwa kishindo. Gari likazimika hatua ishirini kutoka langoni kwake. Profesa akanipungia mkono.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi wa pili ni mwanamke wa makamo. Gereji yake ni banda la mabati nyuma ya kiwanda cha matofali. Spana zimetundikwa ukutani, kubwa mpaka ndogo, na kila moja imechorewa mahali pake. Wateja wanamwita Mama Spana. Alianza kwa maswali. Linazimika likiwa la baridi au likishapata moto? Baada ya dakika ngapi? Tangi likiwa limejaa au tupu? Nilijibu kwa mkato. Tangu lini mtahiniwa akamhoji mtahini?

Akafungua boneti. Waya aliuona kabla sijamaliza kupiga chafya. Kafaulu! Nilikuwa nainua mkono nimpongeze. Lakini akasema, kwa sauti ya kusikika na wateja wote, kwamba waya huu haukulegea wenyewe, kuna punda kaugusa. Punda! Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia huduma yake siihitaji. Heshima kwanza, gari baadaye.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Gari limezimikia kona ya posta.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kapita asubuhi, eti kusalimia. Kaegesha mbele ya dirisha letu ili tuone vizuri. Mama mkwe naye kafika, gauni la kesho mkononi. Akauliza gari liko wapi. Nikasema linapumzika. Akauliza lori la jirani yetu muuza mkaa, lile bovu kwa sura lakini halijalala njiani hata siku moja, linatengenezwa na nani. Sikujua. Akatoka, akamwuliza mwenyewe. Dakika tano! Akarudi na jibu: mwanamke mmoja, nyuma ya kiwanda cha matofali.

Nikashikwa na kikohozi ghafla.

Tukalifuata gari kona ya posta, nikaukaza ule waya kwa siri, tukaenda. Mama Spana akanitazama, akamtazama mama mkwe, habari za punda hakuzigusa. Akaketi kiti cha mbele, akaniambia niendeshe mpaka lizimike. Dakika ya kumi na mbili, puf. Akashuka, akaipita boneti, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Akafungua kifuniko. Fyuuu! Gari likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Akaeleza kwamba kifuniko kina kitundu cha hewa, na kimezibwa kwa gundi. Hewa isipoingia, petroli haitoki.

"Nani kaziba hapa?" akauliza.

Nikatazama mawingu. Ni mimi. Mwaka jana, ili petroli isikaushwe na jua. Wazo zuri, hata sasa nalitetea.

"Mwanangu," akasema mama mkwe, "gari umelinyonga mwenyewe!" Akacheka mpaka akaegemea bampa. Nami nikacheka, ningefanyaje? Mama Spana akazibua kwa sindano, akaniomba jambo moja tu: nisiguse tena kitu chochote chini ya boneti, wala juu yake, wala nyuma.

Jumamosi, 8 Machi

Limepanda mlima! Bila kukohoa! Mama mkwe alishusha kioo akasalimia kila mtu, hata asiyemjua. Alipoitwa, alipanda jukwaani taratibu, akakishika cheti kwa mikono miwili, akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwisho. Ukumbi mzima ukamngoja. Mwalimu wake akafuta macho. Mimi pia. Vumbi tu.

Baadaye ndugu wakanizunguka wakitaka kujua nani kalitengeneza gari. Mdomo ukafunguka wenyewe: mimi! Mama mkwe alisikia, akanikonyeza tu. Furaha humfanya mtu mkarimu. Shemeji akanivuta pembeni. Gari lake jipya lina mlio gurudumu la nyuma.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kafika saa mbili asubuhi, mpole kama mwanakondoo. Mlio nimeusikia. Kwi-kwi-kwi. Kitu kidogo sana. Nimemkalisha kivulini anywe chai.

Mpaka adhuhuri nimefungua vipande kumi na vinne, nimevipanga mkekani kwa ukubwa. Kimoja sikitambui, ila hakionekani cha maana. Shemeji chai yake imepoa. Mke wangu anashauri tumwite Mama Spana. Nimekataa katakata. Huwezi kuleta fundi mwingine wakati kazi inakwenda vizuri namna hii.