Nyuzi za Muia

Jumatatu, 6 Agosti 1979

Nimetukanwa! Afadhali ningetukanwa mimi. Limetukanwa gitaa langu la besi.

Aliyelitukana ni Wangoi, mwenye ukumbi wa dansi kule Kawangware. Jana alikuja hapa Kibera, mtaa wa Lindi, kusikiliza bendi yetu ikifanya mazoezi. Akaketi, akanywa soda. Mwimbaji akampendeza. Ngoma zikamtikisa mguu. Halafu akauliza mbele ya watu wote: "Na hiyo besi, mbona inalia kama mbuzi ya Krismasi?"

Bendi nzima ilicheka. Murunga, kiongozi wetu, alicheka kuliko wote. Kisha akaacha kucheka, akanivuta kando. Wangoi anatafuta bendi ya kupiga ukumbini kwake kila Jumamosi. Jumamosi hii mchana atasikiliza bendi mbili, sisi na ile ya Wakamba wa Kawangware. Mbuzi akilia tena, Murunga atanitoa na kumweka Ouma wa kwaya. Ouma! Kijana anayepiga besi huku anatabasamu!

Kutwa nzima nimewaza hapa kibandani kwangu Kambi Muru, nikitengeneza baiskeli za watu. Vidole vyangu havina kosa. Nimevitumia miaka kumi na minne. Kosa ni la nyuzi.

Wakamba wana mpiga besi anaitwa Muia, seremala. Sauti yake ni nene, ya mviringo, inaingia tumboni kabla ya kufika masikioni. Akianza, hata wazee wanaacha kubishana habari za mashamba. Anatumia nyuzi gani? Hakuna anayejua. Nitajua mimi.

Jumanne, 7 Agosti

Nimerudi kutoka kwenye upelelezi. Nimefaulu. Karibu.

Nilipanda baiskeli, nikavuka Ngong Road, nikafika kwenye karakana ya Muia nikijifanya mteja. Gitaa lenyewe lilikuwa pale pale, limeegemea ukuta kati ya milango miwili. Muia akaniuliza nataka kutengenezewa nini. Sikuwa nimefikiria! Macho yangu yakaangukia kitanda kidogo kwenye kona. Nikasema nataka kitanda cha mtoto.

Muia alifurahi sana. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipongeza, akaenda nyuma kuchagua mbao nzuri. Nikaruka kwenye gitaa. Nikapitisha kidole juu ya nyuzi. Laini! Laini kama mpini wa jembe la zamani! Zangu zina mikwaruzo kama tupa.

Aliporudi alinikuta nimepiga magoti. Nikamwambia napenda kugusa mbao. Akasema mbao ziko upande ule.

Kitanda kitakuwa tayari Jumamosi. Nimejaribu kukataa nikashindwa. Kitinda mimba wetu ameshaanza kunyoa ndevu.

Jumatano, 8 Agosti

Mjini. Duka la vyombo vya muziki, katika uchochoro nyuma ya River Road. Muuzaji anaitwa Ishmael, mzee mpole, miwani imefungwa kwa uzi wa gitaa. Nikaona nimefika kwa mwenye elimu.

Alinieleza vizuri. Kuna nyuzi zilizozungushiwa waya wa mviringo. Hizo zina mikwaruzo, na sauti yake ni kali, inang'aa. Kuna zilizozungushiwa waya bapa. Hizo ni laini, na sauti yake ni nene, tulivu. Nyuzi zikizeeka zinashika mafuta ya mikono, zinakuwa bubu. Watu wengine huzichemsha, zinaamka. Halafu akaniuliza nataka sauti gani.

Nikamwambia, ya Muia.

Ishmael alivua miwani. Akasema hiyo si sauti, hiyo ni mtu. Nifikirie kwanza sauti niliyo nayo kichwani, ndipo nichague uzi.

Kichwani mwangu nilikuwa na Muia tu. Nikaomba zile bapa. Zimekwisha, na meli itakayozileta bado haijulikani iko wapi. Nikatoka bila kununua kitu. Lakini sikutoka mtupu! Kama uzi bapa ni uzi wa mviringo uliolainishwa, mimi ni fundi. Nina tupa.

Nyumbani nimemkuta Nasipwondi, mke wangu, amesimama mlangoni na mwiko. Ameniuliza kwa nini wanawake watatu wamempongeza leo kisimani. Kumbe Muia alimwambia mkewe Syokau, na Syokau anauza nyanya Kawangware na Kibera pia. Habari za kitanda zimefika kabla ya kitanda.

Nimemweleza kwamba ni mambo ya muziki. Hakuniamini. Alikwenda kulala kwa dada yake Sella.

Alhamisi, 9 Agosti

Kazi ya ufundi wa hali ya juu!

Asubuhi nilikaza uzi mnene kwenye jiliwa nikaanza kuupiga tupa. Polepole. Kwa upendo. Ukaanza kung'aa. Ukaanza kulainika. Nikaanza kuimba. Pwaa! Umekatika, umechukua kofia yangu mpaka kwa muuza mkaa.

Nikaenda kuiokota. Kisha nikaona baiskeli ya Wabwire, mteja wangu, imeegemea hapo, ameiacha nizibe pancha. Waya wa breki! Mnene, wa chuma, umesokotwa vizuri. Nimeuchukua kwa muda tu. Unaingia kwenye gitaa kama umezaliwa humo.

Nyuzi tatu zilizobaki nimezichemsha, kwa sababu Ishmael alisema zinaamka. Sufuria ni ya Nasipwondi, ile kubwa ya maharagwe. Maji yalikuwa meusi kama kahawa. Miaka minne ya jasho langu, tangu nizinunue!

Jioni. Nasipwondi amerudi, bado hasemi. Amepika maharagwe. Ameonja. Ameangalia ndani ya sufuria, kisha akaniangalia mimi. Ameongea sasa. Ameongea sana.

Ijumaa, 10 Agosti

Siku mbaya, lakini si mbaya sana.

Wabwire alikuja asubuhi nikiwa chooni, akachukua baiskeli yake mwenyewe. Akateremka ule mteremko wa kwenda mtaa wa Ayany. Akashika breki. Hakukuwa na breki. Aliingia katikati ya fungu la sukuma wiki la mama mmoja, akatokea upande wa pili. Hakuumia. Alirudi akiwa na majani kwenye kola, akitaka maelezo. Nilimwambia sukuma wiki imemwokoa na namtengenezea baiskeli bure mpaka Krismasi. Akatulia.

Mazoezi mchana. Nikawasha spika, nikapiga. Loo! Zile nyuzi zilizochemshwa zinalia kali kama kijiko kwenye kikombe. Ule waya wa breki unanguruma, kisha unakwaruza, kisha unanguruma tena. Ouma alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu. Murunga alifunga macho muda mrefu. Akasema mbuzi ni yule yule, ila leo amefungwa kengele.

Nilimwambia angoje kesho. Ukumbini sauti hubadilika.

Jumamosi, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi! Nianzie ukumbini.

Watu walijaa hadi madirishani. Wangoi amekaa mbele, kanga begani, mikono kifuani. Nasipwondi alikuja pia na Sella. Sisi ndio wa kwanza. Wimbo wa kwanza ulikwenda, siwezi kusema zaidi ya hapo. Katikati ya wimbo wa pili waya wa breki ulichomoka. Ukajikunja hewani kama nyoka, ukapiga sahani ya ngoma, chwaaa! Wimbo ukafa.

 Nikatamani sakafu inimeze. Nikamwona Ouma anakunja mikono ya shati.

Aliyepanda jukwaani alikuwa Muia. Alitoka kwa watu wake, gitaa lake mkononi, akaniambia, "Shika hii, mzee Khamala. Usiache watu wamesimama."

Nililishika. Gitaa la Muia! Nyuzi za Muia! Nikahesabu nne, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Mbuzi. Mbuzi yule yule. Sasa amevaa suti tu.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilihisi machozi. Muia hakucheka. Alichukua gitaa langu, lenye nyuzi tatu zilizochemshwa kwenye sufuria ya maharagwe, akalikalisha kwenye nyonga. Akagusa uzi mara moja kwa nyama ya kidole gumba. Dum. Akangoja. Ngoma ikajibu. Dum, tena. Ile sauti ikaingia tumboni, kabla ya kufika masikioni. Kwa nyuzi zangu!

Nikamuuliza pale pale, mbele ya watu, nyuzi zake ni za aina gani. Akasema hajui. Zilikuja na gitaa. Ni miaka minane hajazibadilisha, zimelainika zenyewe kwa kupigwa. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Mimi napiga moja, nangoja ngoma inijibu. Wewe unajibu kila mtu. Sikiza kwanza, halafu gusa."

Nikasikiza. Nikagusa. Moja tu. Na jamani, kwa muda wa wimbo mmoja, ile besi ilikuwa nzuri! Sisi wawili, magitaa mawili, ngoma katikati. Wakamba wakapanda na magitaa yao, Murunga akaanza kuimba, hakuna aliyejua tena ni bendi ya nani. Wazee waliacha habari za mashamba. Wangoi aliacha kukunja mikono, akafunga kanga kiunoni. Hata Wabwire alicheza! Nasipwondi alicheza nikimwona, na alikuwa anacheka.

Wangoi ametoa hukumu. Bendi zote mbili, kupokezana. Kwa sharti moja, mimi niende kwa Muia kila Jumanne nifundishwe. Ouma amerudi kwenye kwaya.

Tulipotoka nje, kile kitanda cha mtoto kilikuwa kimefungwa kwenye mkokoteni, kimepigwa vanishi. Nikataka kukimbia. Nasipwondi akakizunguka, akakitingisha, akasema ni kizuri. Ndipo Sella, ambaye ana mimba ya miezi sita na hakuna mtu aliyekuwa amemnunulia chochote, akaanza kulia kwa furaha. Nilisema hilo ndilo lilikuwa kusudi langu tangu mwanzo. Nasipwondi ameniangalia. Ameamua kuniamini.

Jumanne, 14 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Msomaji asamehe hati.

Nimefikiria sana maneno ya Muia. Nimemwelewa kuliko alivyojielewa mwenyewe. Siri haiko kwenye nyuzi! Iko kwenye ngozi ya vidole. Yeye ana vidole vya seremala, vinene, vimekaza kwa miaka na miaka ya randa na msumeno. Kwa nini mimi ningoje miaka? Mimi ni fundi.

Asubuhi nimekata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, nikavibandika kwenye kidole cha shahada na cha kati kwa solusheni, ile gundi ya viraka. Nilipaka ya kutosha. Wakati inakauka nikanywa chai.

Vidole viwili vimeshikana. Kikombe kimeshikana navyo. Nasipwondi amevuta, jirani amevuta, tumejaribu mafuta ya taa, hakuna. Muia ametuma mtu kuuliza mbona sijafika darasani. Nimemjibu kwamba wiki hii nina kazi muhimu zaidi.

Jirani anasema huu ni ujinga. Haelewi muziki. Nimepiga uzi mmoja kwa kikombe, na naapa, sauti ilikuwa nene kidogo. Solusheni ni nyepesi mno, hilo ndilo kosa lote. Kule barabarani kuna watu wa manispaa wanaziba mashimo kwa lami, na lami yao inaonekana nzuri sana.