Kifuniko cha Ulanzi

Jamani, leo nimepatikana. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa watoto wa Darasa la Sita, maana wale wataongeza chumvi.

Mnajua nafundisha sayansi kwa masista hapa Songea, kwa majaribio ya miezi mitatu. Leo ilikuwa siku ya mwisho. Sista mkuu wa shule akae darasani, asikilize kipindi kimoja, akiridhika asaini mkataba palepale. Baba yangu, imamu wa msikiti wa kwetu Namasakata, wiki hii amepiga simu mara tatu kuuliza kama mwanawe ana kazi au anazurura.

Mada ilikuwa mabadiliko ya maada. Badiliko la kiumbo, kitu kinabadilika sura lakini ni kilekile, kama barafu kuwa maji. La kikemikali, kinazaliwa kitu kipya na cha zamani hukipati tena. Ningechoma karatasi moja mbele yao, yakaisha. Lakini kiherehere changu mnakijua. Nikataka mfano wa nyumbani.

Jana jioni nikamwomba jirani yangu, Mama Otilia, chupa ya ulanzi, yale maji ya mianzi, uliogemwa siku hiyohiyo, ungali mtamu. Nilitaka watoto waone utamu unavyogeuka pombe. Akanipa, akasema, "Mwalimu, kifuniko usikikaze. Uache upumue."

Nikaitikia. Nilipofika chumbani nikakikaza kwa nguvu zangu zote. (Mtoto wa imamu anuke pombe kwenye bodaboda asubuhi? Thubutu.)

Asubuhi chupa imevimba tumbo. Niliiona kabisa. Mimi, mwalimu wa sayansi, nikasema plastiki za siku hizi mbovu.

Kipindi kilianza vizuri. Sista kakaa meza ya mbele, vazi jeupe limenyooka pasi, mkataba uko mbele yake na kalamu juu yake. Nikatoa chupa. Nikawaambia watoto watazame kwa makini. Nikafungua.

Mlio sitaki hata kuueleza. Kifuniko kiligonga dari. Ulanzi ulianza na uso wangu, ukahamia kwa Sista kuanzia shela mpaka viatu, na uliobaki ukatua kwenye mkataba. Darasa zima likanuka kilabu cha pombe.

Sista akavua miwani, akaifuta taratibu. Akawauliza watoto, mimi hata hakunitazama: "Hili alilotuonyesha mwalimu ni badiliko gani?"

Akasimama Skolastika, yule ambaye kwa miezi mitatu sijawahi kusikia sauti yake. "La kikemikali, Sista. Gesi imetoka, harufu ni mpya, na utamu haurudi."

"Na vazi langu?"

"La kiumbo, Sista. Ukilifua linarudi."

"Na kazi ya mwalimu?"

Skolastika akafikiri. Mimi nilikuwa nasali kimoyomoyo. "Hapo hatujafika, Sista."

Sista akakohoa muda mrefu (ni kicheko, msinidanganye). Akaanika mkataba dirishani. Ulipokauka akausaini, akasema watoto wanaojibu hivyo wamefundishwa. Vazi atafua mwenyewe, ila sabuni nipeleke mimi.

Mama Otilia nimempita mlangoni pake nikirudi. Kanusa, katikisa kichwa.

Sasa niko chumbani na mkataba wangu. Una sahihi, una muhuri, na unanuka. Nimeupepea, nimeuanika tena, nimeunyunyizia poda. Sasa unanuka mlevi aliyetoka kuoga.

Baba nimempigia. Akasema Alhamdulillah kwa sauti iliyonitoa machozi. Anataka niupeleke Namasakata wiki ijayo, auone kwa macho yake, pale msikitini, mbele ya wazee wote.

Msinicheke. Niombeeni dua auone kwa macho tu.