Wati Mia Moja na Sitini

Jumatatu, 4 Agosti

Waheshimiwa!

Kumbe niko peke yangu. Miaka thelathini ya kushika kipaza sauti harusini na kwenye makongamano haimtoki mtu kinywani kwa kustaafu tu.

Nzuguni, Dodoma, sebuleni kwangu. Viti sita. Kimoja kimechakaa: changu. Cha pili kilianza kuchakaa kwa heshima, kikaishia njiani mwezi Mei. Hicho ni cha Bartolomayo wa Zuzu, mstaafu wa reli. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, alivuka mji mzima kuja kusikiliza amplifaya yangu: Mjapani wa mwaka 1977, uso wa fedha, kilo kumi na tisa. Kisha shemeji yake akamwachia nyingine ya zama hizo hizo. Tangu hapo anasikiliza kwake. Simlaumu.

Namlaumu sana.

Mkakati: nimempigia simu kumtangazia pambano. Amplifaya yake dhidi ya yangu. Spika zile zile, kanda ile ile, chumba kimoja. Chumba changu, maana spika zangu hazibebeki. (Zinabebeka.) Amekubali! Akishindwa atakiri kwamba yangu ndiyo bora, na mwenye akili husikiliza kilicho bora. Atarudi kila Jumamosi. Hoja isiyo na tundu.

Jumatano, 6 Agosti

Fedheha. Nilimtajia Bartolomayo kwa simu nguvu za amplifaya yangu: wati mia moja na sitini, zimeandikwa nyuma ya kasha. Akauliza zimeandikwa karibu na nini. Nikasema karibu na waya wa umeme. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hizo ndizo inazokula, si inazotoa. Na kwa hesabu hiyo hata yeye, akishamaliza sinia la ugali na mlenda, ni treni ya mizigo.

Nikakata simu kwa utaratibu.

Wati hizo nimezitangaza mbele ya kadamnasi kwa miaka ishirini. Hakuna aliyewahi kuuliza zimeandikwa wapi. Hakuna aliyekaribia kiasi cha kuweza kuuliza, ila marehemu mke wangu, Rukaya. Naye, nakumbuka sasa, kila nikizitaja alikuwa akitabasamu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Viwanja vya maonesho viko jirani. Dodoma nzima imepita mlangoni kwangu kwenda kutazama ng'ombe. Nilikaa barazani tangu asubuhi, shati limepigwa pasi, tayari kusalimiwa. Shikamoo tatu. Mmoja wao alikuwa akiulizia choo.

Nimeandaa hotuba ya ufunguzi wa pambano. Dakika kumi na moja. Nimemwomba jirani yangu Mama Sikudhani, muuza vitumbua, awe jaji. Swali lake lilikuwa moja: chai ipo? Nikamhakikishia.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku yenyewe! Bartolomayo alifika saa nne na guta, amplifaya yake imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. "Mbukwa, mzee wa wati!" akanisalimia kwa Kigogo. Mbele ya jaji! Nikaitikia kama mtu asiyesikia neno la pili. Hotuba ilikatishwa dakika ya tatu. Mama Sikudhani alisema chai inapoa.

Tukabadilisha nyaya. Yake. Yangu. Yake tena. Mimi na tochi, yeye na bisibisi. Tukala vitumbua. Tukabishana kuhusu besi. Akasimulia abiria mmoja wa zamani aliyetaka kumkatia mbuzi wake beberu tiketi ya daraja la pili. Nusura sala ya adhuhuri inipite. Sijacheka hivyo tangu Mei.

Mama Sikudhani, aliyegeuzwa kuelekea ukutani ili asione ni ipi inayopiga, alisema hasikii tofauti hata ya punje. Kwani tungeacha tu muziki upige, akauliza, tungepungukiwa nini? Bartolomayo akapendekeza iwe sare. Turudie Jumamosi ijayo, akasema, na ikibidi inayofuata. Masikio ya wazee yanataka muda.

Sare! Ujanja wa mtu aliyeelemewa. Nikaukataa kwa hoja saba. Kabla ya duru ya mwisho, Bartolomayo alipokwenda kunawa mikono, nikaongeza sauti ya yangu kwa unywele mmoja. Sikio la binadamu huita bora kile kilicho juu kidogo. Jaji akainua kidole: hii!

Ushindi! Bartolomayo akanipa mkono. Akasema haya, shauri limekwisha. Akafunga blanketi lake polepole. Mlangoni akageuka kama mtu mwenye neno, kisha akasema hakuna.

Jumapili, 10 Agosti

Nimesikiliza amplifaya bora. Inapiga vizuri mno. Niligeuka kulisema hilo. Kulikuwa na kiti tu. Nikamwita Mama Sikudhani kwa duru ya marudio. Alijibu kupitia juu ya ukuta kwamba yeye ni jaji, si shabiki, tena unga wake unaumuka.

Jumatano, 13 Agosti

Bartolomayo amepiga simu! Eti amesahau bisibisi yake, ile ya mpini mwekundu. Kweli ipo: juu ya kiti chake, katikati kabisa, imelala kama kitu kilichowekwa. Akauliza kama anaweza kuipitia Jumamosi. Hana haraka nayo, akasema. Tena kuna kanda moja angependa aje nayo.

Muungwana hamsumbui aliyemshinda. Zuzu ni mbali, na goti lake si zima. Nikamwita Ibrahimu wa bodaboda. Kabla ya saa nane bisibisi ilikuwa Zuzu, pamoja na barua yangu ya kumpongeza kwa kushindwa kwa heshima. Nikampigia kumjulisha kwamba hana tena sababu ya kuja. Akasema ahsante, mzee wa wati.

Basi Jumamosi yangu haina mtu. Lakini nasikia Chamwino yupo bwana mmoja, Habibu, mwenye amplifaya nzito kuliko zetu zote mbili. Naye nitamwalika. Naye atashindwa, na safari hii kwa tofauti ambayo hata ukuta utaisikia.

Nimeshakipangusa kiti.